Sauti Mbili za Mvua ya Aroi

Shangazi Kiden alizikwa Aroi mwezi wa pili, wakati wa vumbi, na udongo wa kaburi lake ulikuwa haujatulia mimi na binti yake tulipoanza kugombana kuhusu ndege. Wageni wachache walikuwa bado wameketi chini ya turubai, masufuria ya matanga hayajaoshwa, nami nimevua viatu kwa sababu safari ndefu kutoka Bukoba ilinivimbisha miguu. Ndipo ikasikika kutoka kwenye kichaka nyuma ya jiko: milio mitatu, wa kwanza juu, wa pili chini yake, wa tatu chini zaidi, kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Ayikoru akaacha kufagia. "Umesikia? Mvua iko karibu. Kesho napanda ile mbegu ya Mama." Nikamwambia asubiri. Akauliza nasubiri nini, mimi ninayenunua karanga dukani zikiwa zimekaangwa tayari. Nikamjibu kwamba nasubiri kusikia huyo bwana wa kichakani atasema nini baada ya hapo. Akacheka, machozi ya asubuhi bado yako mashavuni, maana habari hiyo aliijua, amekua nayo.

Ayikoru sasa ni bibi mwenye wajukuu, lakini kwangu ni yule mtoto niliyekuja kumbeba mwaka wa sabini na nne. Habari za baba yangu na ukoo wetu wa Koboko nitaziacha. Ndugu zangu wanazipenda na watazieleza vizuri kuliko mimi, wakiongeza chumvi panapohitajika. Ninachotaka kukumbuka ni mwaka ule mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nina mdomo mrefu na maswali mengi, na nyumbani walifurahi kupata sababu ya kunituma mahali. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Aroi, nje ya mji wa Arua, kwa Walugbara, na alikuwa amejifungua. Mumewe, Drani, dereva wa lori, alivuka mpaka kuingia Kongo na shehena ya tumbaku mtoto akiwa bado mchanga kabisa. Aliahidi kurudi kabla ya mvua. Miaka ile ahadi ya mtu aliyevuka mpaka haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa mkononi mwa askari wa pande mbili.

Drani alikuwa na mluzi wake. Ulikuwa mrefu, unapinda kwenda juu mwishoni, naye aliupiga mara mbili akiwa bado kwenye kona ya barabara ili shangazi abandike maji ya kuoga. Niliujua tangu Koboko, alipokuwa akija kumposa shangazi, akiliacha lori lake mbele ya duka na kutupigia mluzi sisi watoto tukamwite. Alikuwa pia na kikohozi cha wavuta tumbaku, ambacho shangazi alisema ndicho kitu cha kwanza alichokichukia kwake na cha kwanza alichokizoea.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ya udongo, na ukuta wa katikati haukufika kwenye paa, kwa hiyo hakuna neno lililosemwa upande mmoja lisilofika upande wa pili. Mimi nililala chumba cha jiko la ndani, chini ya kikapu cha mbegu za karanga kilichoning'inizwa juu ya moto ili moshi ufukuze wadudu. Nilinuka moshi na karanga mwaka mzima. Lugha ya nyumba ilikuwa Kiswahili, kwa sababu shangazi alikuwa Mkakwa na mama mkwe wake Mlugbara, na kila mmoja alidai lugha ya mwenzake inamuumiza ulimi. Si Kiswahili hiki ninachoandikia, nilichokuja kukipata nilipoolewa Bukoba. Kilikuwa cha kambini na sokoni. Mama mkwe, ambaye mimi nilimwita Bibi, alikuwa ameuza samaki wakavu mpakani miaka mingi, na chake kilijaa Ukongo. Nilikipenda sana. Hata leo nikikasirika, ndicho kinachotoka.

Nilipofika nilikuta kuna vita baridi ndani ya nyumba, na ilinichukua jioni moja tu kujua ni ya nini. Nilikuwa namlaza mtoto, wao wako upande wa pili wanakula ugali wa ulezi na muhogo kwa majani ya kunde yaliyoungwa ufuta. Nikamsikia Bibi: "Kiden, mwaka ile mingine ulipoteza mbegu yote. Ulifuata ndege ya kwenu. Hapa hakuna Koboko. Kama mbegu inakufa tena, ile shamba inarudi kwangu. Wewe utalima na mimi, kwa yangu, sawa na mutoto." Nikasikia vidole vikigusa bakuli. Kisha shangazi akasema, "Nasikia, Mama," kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Shangazi yangu niliyemjua alikuwa anabishana hata na mbuzi.

Shamba lenyewe lilikuwa mteremko mdogo kati ya nyumba na barabara. Lakini mwanamke wa kule akiwa na shamba lake ana ghala lake, na akiwa na ghala lake ana chungu chake, wageni wake na neno lake mbele ya watu. Bila shamba, angekuwa msaidizi katika nyumba ya mume ambaye hata hayupo. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na nikaingiwa na hofu kwa niaba yake.

Chanzo cha yote kilikuwa ndege wawili. Watu wa Aroi walikuwa na desturi ya kutotia karanga ardhini mpaka wamsikie yule wa milio mitatu inayoshuka, kwa sababu, walisema, anaishusha mvua. Lakini kuna mwenzake, naye ana milio mitatu, ila yake inapaa: wa kwanza chini, wa pili juu yake, wa tatu juu kabisa, kama anayeuliza swali na kukasirika kwamba hajajibiwa. Kwetu Koboko, ambako ni chini na kukavu zaidi, huyo wa kupaa ndiye aliyesikilizwa. Wazee wetu walisema anaita mawingu. Watu wa Aroi walisema hapana, anairudisha mvua ilikotoka. Shangazi alikuja Aroi na ndege wa kwao kichwani. Mwaka uliotangulia alimsikia bondeni, mapema, siku ya manyunyu, akapanda karanga zote huku majirani wakimwangalia. Manyunyu yakakoma, jua likawaka, miche ikachomeka ikiwa na majani mawili mawili. Huko Koboko ndege huyo alikuwa akifika pamoja na mvua. Aroi, kwenye bonde lenye maji, alikuwa akija kabla yake, akikaa na kupiga kelele alivyotaka.

Mimi sikuridhika. Niliuliza kila mtu: ni ndege wawili kweli, au ni mmoja? Baba Zakayo, seremala Mkongomani aliyekuwa akitengeneza mlango wa ghala la Bibi, alinicheka. "Ile ni ndege moja, binti. Bwana na bibi. Bwana anateremusha, bibi anapandisha. Hivi hivi ndoa iko." Nikamuuliza kama amewahi kuwaona pamoja. "Mutu anaona ndoa ya bengine? Mutu anasikia tu." Jirani mmoja alisema ni ndege mmoja, mweusi kabla ya kuoga mvua na wa kijivu akishaoga. Kila mtu alikuwa na jibu na hakuna aliyekuwa amemtazama. Kwa kuwa mchana mtoto alilala mgongoni mwangu nikitembea, na aliamshwa na kusimama kwangu tu, nikaamua kutembea mpaka nimwone.

Wa kupaa nilimwona kwanza, kwenye miti ya kijitoni. Alikuwa mweusi, wa kuvunja moyo, ukubwa wa njiwa mwembamba, mkia mrefu, na chini ya shingo wekundu hafifu kama kutu. Alipolia alivimba koo na kuinamisha kichwa, sauti ikapaa, ikapaa, ikapaa. Wa kushuka sikumpata. Bibi aliniambia hajafika bado: huyo huondoka jua likikaza, na hurudi upepo ukigeuka na kuleta unyevu. Nilipomuuliza ana rangi gani alikuna goti. "Zamani nilikuwa na macho, lakini sikuangalia. Sasa nataka kuangalia na macho imekwenda." Macho yake yalikuwa na ukungu, aliona mwanga, vivuli na mtu aliye karibu sana. Masikio, hata hivyo, yalikuwa yake na ya majirani wote. Msimu ukikaribia walikuja kumuuliza, "Bibi, umesikia?"

Asubuhi moja alisikia. Sote tulisikia: milio mitatu ikishuka, kutoka kwenye kichaka nyuma ya jiko, wazi kabisa. Bibi akapiga makofi. "Kiden! Toa mbegu!" Kikapu kikashushwa. Tukakaa kwenye mkeka tukimenya karanga, na hiyo ni kazi isiyo na kurudi nyuma, maana karanga iliyomenywa haingoji. Ndani ya ganda inakaa mwaka. Nje ya ganda, wadudu na joto vinaimaliza upesi. Majirani wawili walipita, wakaulizia, wakaenda kuchukua majembe. Shangazi alimenya haraka, uso umelegea kwa mara ya kwanza tangu nifike. Safari hii asingelaumiwa na mtu. Lakini nikitazama juu niliona anga jeupe la vumbi, upepo bado ule ule unaopasua midomo, na nikashikwa na hamu ya kumwona mgeni wetu. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikasema naenda kukata kuni.

Kichaka kilikuwa kinene na nililala kifudifudi karibu na shimo la majivu, mtoto akinivuta nywele. Milio mitatu ikatoka tena, karibu kiasi kwamba niliisikia kifuani. Nikatafuta ndege wa ukubwa wa njiwa. Hakuwepo. Kwenye tawi alikuwepo kindege kidogo cha tumbo la rangi ya chungwa, kichwa cheusi chenye kofia nyeupe. Kurumbiza, mkazi wetu wa siku zote, aliyekula mabaki ya ugali mlangoni kwa Bibi. Nilimwangalia bila kufikiri. Akafungua mdomo, na ile sauti kubwa ya mvua ikatoka humo. Nilishtuka hadi nikacheka, mtoto naye akacheka kwa kuwa mgongo wangu ulitikisika.

Shangazi nilipomwambia aliacha kumenya, kisha akaanza tena, kwa nguvu zaidi. "Nyamaza, Poni. Watasema mimi nimekufundisha. Watasema iko ndege ya Koboko tena."

"Lakini mimi nimeona! Mdomo yake nimeona!"

"Umeona, ndiyo. Nani atakuamini? Mimi nikipanda na Bibi na mbegu ikikufa, imekufa ya watu wote. Nikikataa na ikikufa, imekufa yangu peke yangu."

Hilo lilikuwa na akili, na nilikasirika kwamba lilikuwa na akili. Lakini Bibi hakuwa amesema lolote kuhusu mbegu kufa pamoja na za watu wote. Alisema zikifa, shamba linarudi. Nikaenda kwake mwenyewe, nikamweleza nilichokiona. Alinyoosha mkono akapapasa mguu wa mtoto mgongoni mwangu. Kisha akasema, "Leta kigoda yangu. Na mutoto nipe mimi. Wewe unaruka ruka mingi."

Nilimketisha nyuma ya jiko, Ayikoru mapajani mwake. Ndege akalia, akishuka. "Ndiyo yeye," alisema Bibi. "Tangu mutoto nasikia hii." Akalia tena, akishuka. Kisha, bila kupumua, akapaa: ile milio mitatu ya mwenzake wa kule bondeni. Bibi akakunja uso. "Zakayo atasema muke amejibu."

"Bibi, mdomo iko moja tu. Mimi namwangalia."

Baada ya hapo ndege yule aliamua kutuonyesha vyote alivyokuwa navyo. Alitoa ile kengele ya tiva, ndege wa uani anayeimba na mkewe kwa zamu. Alitoa mtoto wa mbuzi aliyepotea. Kisha ukatoka mluzi, mrefu, unaopinda juu mwishoni, mara mbili.

Bibi alisimama ghafla, nikawahi kumshika mtoto. "Drani!" aliita, uso umegeukia barabara. "Drani, mwanangu! Kiden, weka maji!" Shangazi alikuja mbio kutoka kwenye mkeka, maganda yakimdondoka kwenye nguo, kitambaa kimefunguka kichwani. Tukatazama barabara wote watatu. Palikuwa na vumbi na mwanamke mmoja na mzigo wake wa muhogo. Mluzi ukaja tena, kutoka kichakani, na papo hapo, katika pumzi ile ile, milio mitatu ikishuka. Shangazi alikaa chini pale pale kwenye majivu akalia kwa sauti. Mimi nililia kwa sababu yeye analia. Bibi hakulia. Alipapasa nyuma yake akakipata kigoda, akakaa, na midomo yake ikawa inachezacheza kama anayeonja kitu.

"Hii mutu iko mwongo," alisema mwishowe. "Kiden. Funga mbegu."

Jambo alilofanya baadaye ndilo lililonifanya nimpende. Alinipa mkono nimwongoze, tukaenda nyumba kwa nyumba, jua la mchana, naye kila mlango akasema maneno yale yale: "Nimesikia mubaya. Ilikuwa kurumbiza, si ndege ya mvua. Ngojeni." Mmoja aliyekuwa amekwisha kupanda alinung'unika kwamba mwaka huu masikio ya Bibi yanaongozwa na wasichana wa Koboko. "Na macho pia," alijibu Bibi, "kwa sababu yangu imeisha."

Basi tukangoja, na kungoja kule ndiko kulikonizeesha. Mbegu zilizomenywa shangazi alizitandaza kivulini kila asubuhi, akizigeuza kwa vidole, akizipuliza, akichagua zilizotobolewa. Kikapu kilipungua bila mtu kula. Hakunilaumu, lakini hakuniangalia pia. Kama nimekosea, kama mvua ingekuja kesho na kukuta mbegu zimekaa ndani, shamba lingekwenda kwa ajili ya macho yangu. Nililala chini ya kikapu kile nikisikia wadudu wakitafuna ndani yake. Jua liliendelea kuwaka. Yule jirani mnung'unikaji akaona miche yake ikitoka kwa manyunyu ya usiku mmoja, kisha akaiona ikikauka, na akaacha kuongea habari za wasichana wa Koboko.

Kisha siku moja upepo uligeuka, na kutoka kwenye mti mrefu kule bondeni ikasikika milio mitatu ikishuka. Bibi akanituma kwenda kutazama, naye akabaki kusikiliza. Nilimwona vizuri: mgongo wa kijivu, kifua chekundu cha kukoza, tumbo la maziwa lenye mistari myeusi. Hakuwa yule mweusi, ameoga au hajaoga. Nilirudi mbio kumweleza Bibi. Aliuliza jambo moja tu. "Ameongeza nini?" Hajaongeza kitu, nikasema. "Ngoja." Alilia asubuhi yote, akalia mchana, wimbo ule ule, wa kuchosha, hana mbuzi, hana kengele, hana mluzi. Kila nikipita Bibi aliuliza ameongeza nini. Jioni akasema, "Huyu mutu hana akili ya kudanganya. Pandeni." Mvua ilitukuta shangazi na mimi tukimalizia mstari wa mwisho, tukaumaliza tukiwa tumelowa chepechepe. Bondeni yule mweusi naye alikuwa anapaa na kupaa. "Sikia," alisema shangazi, akicheka na maji yakimwingia mdomoni, "hata ya kwetu imekubali!"

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu aliniletea kitabu cha ndege, nikawakuta wote wawili ukurasa mmoja. Ni kekeo, kekeo kifua-chekundu na kekeo mweusi, ndugu wa karibu lakini kila mmoja na ukoo wake. Kumbe upande wa Kongo yule mweusi huwa na wekundu shingoni, kwa hiyo majirani zangu hawakuwa wajinga sana kuwachanganya. Nilifurahi, na niliudhika kidogo kwamba kuna mtu alijua siku zote. Kitabu kilisema pia kwamba hakuna hata mmoja anayejenga kiota. Wa kifua chekundu hutaga kwa kurumbiza, mweusi kwa tiva. Hilo mimi nililiona kwa macho yangu karanga zilipokuwa zinatoa maua. Tiva wa uani walikuwa wanahangaika na kinda lao jeusi lisilofanana nao, na juu ya ghala la Bibi, kurumbiza wetu mwenye kofia nyeupe alikuwa anamlisha mtoto mkubwa kuliko yeye, akimsimamia karibu mgongoni ili amfikie mdomo. Watoto wa nyumba mbili mbalimbali: hapo nilijua kwamba Zakayo na ndoa yake wameshindwa.

Lakini nilibaki na swali ambalo kitabu hakikunijibu. Kwa nini kurumbiza aimbe wimbo wa yule anayemvunjia nyumba? Mwaka ule ule nilikuwa nimemuuliza Bibi, tukichambua kunde. "Wewe huko Koboko huimbi wimbo ya askari?" aliniuliza. Nikasema naimba, zote, nazipenda. "Wamekupiga?" Mimi hapana, nikasema, ila walimpiga kaka yangu. "Na bado unaimba," alisema, akaendelea na kunde zake. Sikuimba wiki nzima.

Drani alirudi karanga zikikaribia kung'olewa. Tulikuwa shambani, shangazi anapalilia mara ya mwisho, mimi nimekaa pembeni na mtoto, Bibi juu ya kigoda chake. Mluzi ukasikika, mrefu, unapinda juu. Shangazi hakuinua hata kichwa. "Hiyo ni ndege," alisema. Miezi yote ile alikuwa ameshakimbilia barabara mara nyingi mno, na safari hii alikuwa amekoma. Mluzi ukaja tena. "Leo hiyo ndege iko na kelele." Ukaja tena, kwa hasira, na nyuma yake sauti nyingine, nzito, ya kukwaruza.

"Kiden," alisema Bibi polepole. "Ndege haina kikohozi."

Jembe lilianguka. Shangazi alikimbia katikati ya karanga zake mwenyewe, zile alizozigeuza kwa vidole, akazikanyaga mistari kwa mistari mpaka barabarani, ambako mwanamume aliyekonda alikuwa amesimama na begi moja, amekasirika. "Napiga mluzi, napiga mluzi, hakuna mutu! Mumekufa?" Lori lilikuwa limebaki upande wa pili na halikurudi kamwe. Yeye alirudi kwa miguu.

Jioni ile tulikula kuku. Drani, mtoto amelala kifuani pake, alisema sasa kwa kuwa hana lori atalima, atafyeka kile kichaka nyuma ya jiko apanue shamba la mama yake, si alisikia kuna mpango shamba la Kiden lirudi kwa mama? Bibi aliacha kutafuna. "Nani alisema? Hiyo shamba iko ya Kiden. Na kichaka, mutu asiguse." Shangazi na mimi tulitazamana juu ya sufuria, tukainamisha vichwa haraka ili tusicheke. Mwisho wa mwaka nikarudi Koboko nikiwa na kilemba kipya na gunia dogo la karanga. Kichaka hakikufyekwa, hata miaka ya vita tulipokimbilia Kongo, wala baadaye. Bibi alikufa, Drani alikufa akiwa mzee sana, na shangazi tumemzika kwenye ncha ya juu ya shamba lile lile. Hakuna aliyeuliza azikwe wapi.

Kwa hiyo alasiri ile ya matanga nilimketisha Ayikoru karibu nami kwenye mkeka, na kikapu cha mbegu ya mama yake katikati yetu. Alikuwa amekishusha tayari. Hangojagi, huyo, ni wa baba yake. Kichakani milio mitatu ikashuka. Ikashuka tena. Ayikoru akanitazama kwa ushindi, mkono kwenye kifuniko. Kisha mluzi ukatoka, mrefu, unaopinda juu mwishoni, mara mbili. Kurumbiza tuliyemjua alikufa zamani; labda wanafundishana, mzazi kwa mtoto, labda jirani kwa jirani, sijui, na ningependa sana kujua. Wakati huo sikuwaza lolote kati ya hayo. Tulikuwa wote wawili tumeshageuka kutazama barabara.

"Hiyo ni ndege," nilisema, nimechelewa.

Ayikoru aliendelea kutazama kidogo, akisikiliza kikohozi. Kisha akafunika kikapu, akakifunga kamba, akasimama na kujipangusa magoti. "Mvua bado," alisema. "Lakini maji ya kuoga naweka tu. Wewe umetoka safari."